Mbwa wa Presha Katika Mwezi wa Ramadhani

Mwaka tuliovuka ziwa kutoka Kongo, mama na wadogo zangu walipelekwa kambini, mimi nikabaki Ujiji kwa mama mdogo. Yeye alikuwa ameolewa hapo miaka mingi kabla ya vita. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nimeishia darasa la sita, na sikuwa na karatasi yoyote ya kuniruhusu kukaa nje ya kambi. Kwa hiyo nilizoea kupita pembeni mwa barabara, kusalimia kwa sauti ndogo, na kukwepa maswali marefu. Hata kabla ya vita nilikuwa mtu wa aibu. Vita viliniongezea sababu.

Kazi niliipata Bangwe, kwa daktari wa mifugo mstaafu aliyeishi peke yake. Enzi zake alikuwa akipima ng'ombe waliovuka mpaka na wakimbizi wa Burundi, huko Kidahwe na vijiji vya mbele yake. Sasa macho yake yalikuwa yameingia ukungu, na alichobaki nacho ni nyumba ya matofali, michikichi mitatu na mbwa mmoja mzee mwenye rangi ya majivu. Nilifagia, nilifua, nilipika. Lakini siku ya kwanza tu aliniambia kwamba kazi yenyewe hasa ni mbwa.

"Huyu ana figo mbovu," alisema. "Na hizo figo zimempandishia presha."

Nilidhani ananitania. Presha niliyoijua mimi ilikuwa ya watu wazima, tena wenye mawazo mengi. Nilicheka nikiziba mdomo kwa kiganja. Yeye hakucheka. Alinieleza kwamba alimpakia mbwa huyo kwenye treni mpaka Morogoro, kwa madaktari wa mifugo aliosoma nao. Wakampima damu na mkojo, kisha wakamfunga mkanda mdogo wa presha kwenye mguu wa mbele. Presha ilikuwa juu kiasi kwamba ingeachwa hivyo ingempofusha na kuzimaliza figo zilizobaki. Wakampa vidonge vidogo vyeupe.

"Kimoja asubuhi, akishakula," daktari alisema. "Chumvi asionje. Na maji yawepo saa zote, maana hawezi kuyatunza mwilini. Yanaingia huku, yanatoka kule."

Habari ya chumvi aliirudia kila siku, mpaka nikawa nachemsha dagaa wa mbwa kwenye sufuria yake peke yake. Habari ya maji aliisema mara moja. Hakukuwa na haja ya kuirudia, kwa sababu pale Bangwe palikuwa na beseni kubwa karibu na mlango wa jikoni, nami nilikuwa nalijaza kila asubuhi bila kufikiri, kama mtu anavyofungua dirisha.

Miezi michache baadaye daktari akaitwa hospitali ya mbali kupasuliwa jicho. Alisema atakaa mwezi mzima, pengine na zaidi. Nyumba ingefungwa. Simu za mkononi zilikuwa hazijafika kwetu, na hakuwa na ndugu karibu. Alinikabidhi kopo la vidonge, akanishika bega.

"Nakuachia wewe," alisema. "Nikirudi nimkute."

Niliitikia kwa kichwa. Nilimfunga mbwa kamba, tukatembea pole pole kutoka Bangwe mpaka Ujiji, yeye akisimama kila baada ya hatua ishirini kukojoa.

Mama mdogo alikuwa amekubali, lakini kwa sharti. Ramadhani ilikuwa inaingia baada ya siku tatu, na nyumba yake ilikuwa na watu saba wanaoswali. Alinieleza bila ukali.

"Mwanangu, mbwa mkavu akikupitia hakuna neno. Lakini akitoka kunywa maji, pua imelowa, midomo inachuruzika, akagusa kanga ya mtu, hiyo kanga ioshwe mara saba, mara moja kwa udongo. Na maji yenyewe unajua yanatoka wapi."

Nilijua. Yalitoka ziwani, kwa ndoo, kichwani. Na mwezi wa mfungo yalichotwa jioni, kwa sababu mtu aliyefunga hapandi kutoka ziwani na ndoo wakati wa jua kali.

"Basi mchana akae mkavu," mama mdogo alisema. "Anywe jioni tukishafuturu, anywe tena wakati wa daku. Katikati hapo kopo lake lifunikwe. Unaona ubaya?"

Ilikuwa nafasi yangu ya kusema neno. Nilitazama chini nikasema, "Hapana, mama mdogo."

Kopo lenyewe lilikuwa la mafuta ya msaada, lile la bati, lililokatwa nusu. Kila siku kabla ya alfajiri mbwa alikula, nikampa kidonge, akanywa mpaka akamaliza, nami nikaligeuza kopo juu chini. Akabaki amefungwa nyuma ya nyumba, chini ya ukuta, mpaka jua lizame.

Siku ya pili watoto wa mama mdogo waligundua jambo.

"Mbwa wa daktari anafunga!" walipiga kelele mtaa mzima.

Watu wakaja kumwona. Fundi cherehani wa nyumba ya jirani, mtu mnene mwenye maneno mengi, aliegemea ukuta akamwambia mwanawe mkubwa, "Wewe jana nimekuona unatafuna muwa saa sita. Huoni haya? Mbwa amekushinda."

"Baba, mbwa amefungwa kamba."

"Na wewe nitakufunga kamba!"

Watu wakaangua kicheko. Mama mmoja akaniuliza, "Na sikukuu mtamshonea kanzu?" Fundi akajibu kwa niaba yangu kwamba kipimo ameshachukua, tatizo ni mikono minne.

Nami nilicheka. Naandika hili kwa sababu ni kweli: nilifurahi. Tangu nifike mtaa ule, watu walipozungumza nami waliniuliza nimetoka wapi na kwa nini siko kambini na wenzangu. Sasa nilikuwa binti mwenye mbwa anayefunga. Walinisalimia kwa hilo. Ndiyo maana sikutaka kuona nilichokuwa nakiona.

Siku ya nne mbwa aliacha nusu ya chakula. Siku ya tano alilala mchana kutwa, ulimi nje, na mkojo wake ukapungua. Siku ya sita alipoinuka aliyumba, akapiga ubavu ukutani, akakaa tena.

Fundi cherehani alimwona. Yeye mwenyewe alikuwa na presha na alijihesabu kuwa mtaalamu.

"Hiyo imepanda," alisema. "Mimi nikipata kizunguzungu hivyo, naongeza kidonge. Mpe cha pili. Na kama ana maumivu, ninacho kile cha mgongo, cha rangi ya chungwa."

Cha mgongo nilikikataa, kwa sababu hakikuwa chake. Lakini kidonge cha pili nilimpa jioni ile, ndani ya donge la ugali, kwa mkono wangu. Mbwa alinilamba vidole. Nilikwenda kuviosha mara saba, moja kwa udongo.

Asubuhi yake hakuweza kusimama kabisa. Alitapika povu la njano. Nilimwinua mdomo nikagusa fizi zake. Zilikuwa kavu na zinanata kama gundi. Nilivuta ngozi ya shingo nikaiachia, ikabaki imesimama. Nilikuwa nimewahi kumwona daktari akifanya hivyo kwa ndama, akisema, "Huyu amekauka." Nikatazama kopo lililogeuzwa juu chini. Nikatazama mkononi mwangu, ambako nilikuwa tayari nimeshika kidonge cha siku hiyo.

Nilikirudisha ndani ya kopo la vidonge. Nikajifunga kanga ya pili, nikatoka.

Ofisi ya mifugo ilikuwa Mwanga, karibu saa nzima kwa miguu. Ofisi yoyote ilikuwa kwangu ni mahali ambapo mtu anaulizwa karatasi. Nilikuwa nimekaa mji ule mwaka mzima bila kuingia hata moja. Njiani nilijiambia neno moja kwa kila nguzo ya umeme: nitasema. Nilipofika sokoni, miguu ilitaka kugeuka kwenye mafungu ya nyanya kama vile nimetumwa nyanya. Nikaizuia.

Mlangoni alikaa karani kijana mwenye kalamu sikioni.

"Shikamoo, papa," nilisema, kama tulivyozoea kwetu kumwita mwanamume wa heshima.

"Papa!" Akawageukia wenzake wawili. "Papa wa baharini au wa Roma?" Wakacheka. "Umetoka Kongo wewe. Kibali unacho?"

Siku nyingine yoyote ningegeuka nikakimbia. Nilisikia masikio yanawaka. Nikasema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, "Kuna mbwa anakufa. Ana figo, ana presha, nimempa vidonge na sikumpa maji. Nataka daktari."

Karani akasema, "Mbwa ana nini? Presha? Watu wanapanga foleni ya panado kambini, wewe unampa mbwa dawa ya presha?"

Mama yangu alikuwa kwenye foleni hizo. Hata leo sina jibu zuri. Nilisema tu, "Ndiyo. Namtaka daktari."

Mwanamke mwenye buti za mpira akatokea chumba cha ndani. Karani akamwambia, "Dokta, huyu hana kibali."

"Cha mbwa?"

"Chake yeye."

"Mgonjwa ni mbwa." Akanigeukia. "Kaa hapo, mdogo wangu. Anza mwanzo."

Nilianza mwanzo. Nilimweleza kila kitu, kamba, kopo, daku, kidonge cha pili. Aliniuliza maswali mafupi. Anakula? Anatapika? Amekojoa leo? Umempa dawa yoyote ya maumivu? Nilipomwambia kwamba cha mgongo nilikataa, alipumua.

"Hapo umemwokoa," alisema. "Dawa ya maumivu juu ya hiyo, kwa figo mbovu na mwili uliokauka, ungemzika leo."

Kisha alinieleza kwa namna ambayo sijaisahau. Alisema vidonge vile si sumu. Ni dawa nzuri, na mbwa wa figo anaweza kuvimeza kwa muda mrefu na vikamsaidia, kwa sababu vinapunguza nguvu ya damu inayozigonga figo. Lakini figo nazo zinahitaji nguvu kidogo ili zichuje. Mwili ukikauka, damu inakuwa chache, nguvu imeshashuka yenyewe. Ukimpa kidonge hapo, unazizima. Ukimpa viwili, unazizima mara mbili.

"Kuyumba kwake haikuwa presha kupanda," alisema. "Ilikuwa imeshuka mno. Sasa sikiliza. Kidonge simamisha. Usikirudishe mpaka nikuambie mimi, si fundi cherehani. Maji mpe kidogo kidogo, kijiko kwa kijiko, asije akatapika yote. Mimi nina chanjo ya kuku mpaka saa nane, kisha nakuja."

Nilirudi karibu nikikimbia. Sikupita nyumbani. Nilichukua ndoo uani kwa jirani, nikashuka ziwani saa sita mchana, nikajaza, nikapanda nayo nikiwa nimefunga, koo limekauka. Watu waliokuwa kivulini walinitazama. Nilipoingia uani mama mdogo alikuwa anachambua mchele.

"Maji ya saa hizi ya nini?"

"Ya mbwa."

"Tulikubaliana jioni."

Niliitua ndoo. "Nilikubali kwa aibu, mama mdogo. Nilijua anatakiwa anywe saa zote, nikanyamaza. Sasa anakufa. Mimi ndiye nimemfikisha hapo, siyo wewe. Atakunywa mchana. Nitamweka kule kwenye choo cha zamani, nitazungushia miti asitoke. Akigusa nguo ya mtu nitaiosha mimi, maji nitachota mimi."

Mama mdogo aliacha kuchambua. Nadhani hakuwahi kunisikia nikisema maneno mengi hivyo kwa pamoja. Mwanawe wa kati, mwenye miaka tisa, akadakia, "Mama, ustadhi alitufundisha ya yule mtu aliyemnywesha mbwa mwenye kiu akasamehewa dhambi, kwamba..."

"Naijua tangu hujazaliwa!" Alisukuma ungo pembeni akainuka. Alikwenda nyuma ya nyumba. Nilimfuata. Alisimama mbali kidogo akamtazama mbwa, ubavu wake unavyopanda na kushuka. "Masikini," alisema kwa sauti ya chini. "Na sisi tulikuwa tunacheka." Kisha akaniambia, bila kunitazama, "Kijiko kipo kile cha mpini uliovunjika. Kichukue, kiwe chake."

Nilikaa chini, nikampa kijiko kimoja, nikahesabu mpaka mia, nikampa kingine. Cha tano alikirudisha. Nikangoja, nikaanza upya. Saa tisa dokta alikuja kwa pikipiki na chupa mbili za maji ya dripu. Aliichoma sindano chini ya ngozi ya mgongo, maji yakaingia taratibu mpaka ngozi ikavimba kama mkoba. Mtaa mzima ulikuja kuangalia. Fundi cherehani aliuliza kama na yeye anaweza kuwekewa hapo hapo mgongoni. Dokta akamjibu, "Wewe ndiye unayeongeza vidonge? Kesho nenda hospitali ukapimwe kabla hujaanguka kwenye cherehani."

Dokta alinionya jambo la mwisho. Bila kidonge, presha ingeweza kurudi juu, na ikirudi kwa nguvu, macho ndiyo hutangulia. Kwa hiyo kila asubuhi nipitishe mkono mbele ya macho yake nione kama anaufuata. Kumpa dawa kulikuwa na hatari, na kumnyima kulikuwa na hatari. Katikati hapo hapakuwa na mtu mwingine ila mimi.

Nilinunua daftari. Naandika taratibu, herufi moja moja, na wakati ule nilikuwa mzito zaidi. Lakini niliandika: amekunywa makopo mangapi, amekojoa mara ngapi, ametapika au hapana, ameufuata mkono au hapana. Mchana nilishuka ziwani mara mbili. Siku ya tatu yule mtoto wa miaka tisa alianza kunifuata na kidumu chake, ingawa hakuna aliyemtuma. Dokta alikuja mara mbili zaidi kuongeza dripu. Siku ya nne mbwa aliinua kichwa, akanywa mwenyewe. Siku ya tano alikula dagaa sita. Niliwahesabu, nikaandika sita.

Siku ya tisa, alipokuwa ameshakula na kunywa siku nne mfululizo bila kutapika, dokta alikuja na kisu kidogo, akakata kidonge katikati.

"Nusu," alisema. "Na siku ambayo hali au anatapika au anaharisha, hata hiyo nusu hapati. Unampa kwanza maji, halafu unanitafuta. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Sema."

Nikasema yote, mbele ya watu, bila kutazama chini.

Daktari wa Bangwe alirudi wiki moja baada ya Idi, jicho moja limefunikwa bandeji. Nilikuwa nimepata habari ya treni yake, nikamrudisha mbwa mapema asubuhi ile, nikamngoja barazani. Alipoona mbwa anatembea kumpokea, alicheka kwa furaha, akainama. Lakini mikono yake ilipofika mbavuni ilisimama. Alivuta ngozi. Alifungua mdomo akatazama fizi.

"Amekonda," alisema.

Njiani nilikuwa nimejiambia kwamba nitasema kabla hajaniuliza. Alikuwa ameniwahi, lakini si sana. Nikafungua daftari nikamsomea. Nilisoma taratibu, kwa sababu ndivyo ninavyosoma. Nilianza na siku za kopo lililofunikwa, ambazo niliziandika baadaye kwa kukumbuka. Nilisoma mstari unaosema, "Jioni nimempa cha pili." Nikaendelea mpaka mwisho.

Daktari alisema kwamba figo ni kitu kisichoota tena, na kilichopotea mwezi ule kimepotea. Angempima mkojo, angeandikia Morogoro, lakini mbwa huyu hangekuwa na miaka, angekuwa na miezi. Alikuwa na hasira, nami sikujaribu kuipunguza. Nilisema, "Naomba nibaki naye hiyo miezi. Kama utanifukuza kazi, nitakuja bure."

Alinigeukia kwa jicho lake moja. "Leo umempa?"

"Bado. Hajala. Alikunywa tu."

"Na ukimpa sasa hivi, kabla hajala, itakuwaje? Nimechoka na safari, ningependa tumalize hiyo habari ya kidonge nikalale."

Sikujua kama ananipima au anasema kweli. "Sitampa," nilisema. "Mpaka ale."

Alisogeza kiti chake kivulini, akakaa. Nami nikakaa kizingitini. Nilikuwa nimeweka sahani ya dagaa waliochemshwa bila chumvi pale sakafuni, na nusu ya kidonge ilikuwa ndani ya karatasi mfukoni mwangu. Mbwa aliinusa sahani, akaondoka, akalala. Upande wa ziwani watu walikuwa wakivuta mtumbwi kuupandisha mchangani. Jua lilitoka ukutani likafika katikati ya uwanja ndipo mbwa alipoinuka, akarudi kwenye sahani, akaanza kula.